Picha Iliyoitwa Usingizi

"Nani alikwambia huyu mwanamke amelala?"

Fundi aliinua kichwa. Alikuwa ameinamia meza ya kazi, anapaka gundi kwenye kona ya fremu, wala hakumsikia mgeni akiingia. Mbele yake ililala picha iliyompatia mchumba wake umaarufu: mwanamke kijana sakafuni chini ya dirisha, mwanga wa asubuhi umemwangukia begani, uso umetulia tuli. Hospitali kuu ilikuwa imeinunua, itundikwe pale ndugu wa wagonjwa wanaposubiri.

Fundi aliifahamu vizuri mno. Miaka miwili nyuma aliitengenezea fremu ya kwanza, na hapo ndipo alipoanza kumpenda aliyeichora. Alijiambia kwamba mwanamume anayemtazama mwanamke hivi hawezi kuwa na roho mbaya.

"Karibu, dada. Picha yenyewe inaitwa Usingizi."

"Najua inavyoitwa. Ni mimi huyo."

Fundi akaweka brashi chini. Alijua mchumba wake, Mchoraji, aliwahi kuoa. Aliambiwa tu kwamba walishindwana.

Mgeni alikunja mkono wa gauni. Kifundo cha mkono wake wa kushoto kilikuwa kimepinda, kama kitu kilichoungwa vibaya.

"Tazama mkono ulioingia chini ya mgongo, mdogo wangu. Wewe umewahi kulala hivyo?"

Mkono ule Fundi alikuwa ameutazama mara nyingi. Alidhani ni mambo ya wasanii.

"Alinisukuma nikagonga ukuta, nikauangukia mkono wangu mwenyewe. Nilipozinduka jua lilikuwa limeshapanda. Yeye amekaa pale, daftari magotini, anachora. Akaniambia nisisogee."

Fundi aliigeukia picha.

"Unataka niifanyeje, dada? Niichome?"

"Uichome ya nini? Ni nzuri. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mkono. Halafu sina picha nyingine ya ujana wangu." Alivuta pumzi. "Nilisikia mnaoana mwezi ujao. Nikaona nisipokwambia, dhambi nyingine itakuwa yangu. Sasa niache niitazame kidogo, niende zangu."

Fundi akamsogezea kiti. Mgeni alikaa mbele ya uso wake wa zamani, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa. Kisha akaaga, akaondoka.

Fundi akachukua simu, akaandika: "Njoo karakana sasa hivi."

Jibu likaja hapo hapo: "Nakuja mpenzi. Kuna nini?"

Akaiweka simu mezani.

Mchoraji aliingia na tabasamu lake, rangi ya bluu bado iko kwenye kucha. Alipoona sura ya Fundi, tabasamu likamkauka.

"Mkeo wa zamani alikuwa hapa."

Akaketi polepole. "Amesema nini?"

"Sema wewe. Alikuwa amelala?"

"Fundi wangu, yale yamepita. Nilikuwa mlevi wakati ule. Sasa ni mwaka wa tisa sijagusa pombe, unajua."

"Najua. Nimekuuliza kama alikuwa amelala."

Alitazama sakafu. "Hapana."

"Ulidhani amekufa?"

"Alikuwa anapumua. Niliona anapumua. Nilitaka kukimbia nikaite watu. Nikafika mlangoni, nikageuka nyuma, mwanga ulikuwa umemfikia begani. Sijui nikwambieje. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile."

"Ukachora kwa muda gani?"

"Sijui. Nusu saa, labda."

Fundi alishika ukingo wa meza. Moyoni alikuwa amejiandaa kusikia habari ya kipigo. Kwa kipigo angelia, angegombana naye, pengine siku moja angemsamehe mlevi ambaye hayupo tena. Lakini nusu saa ile haikuwa ya ulevi. Nusu saa ile ilikuwa na mkono usiotetemeka.

"Na redioni ukasema ulimchora kwa upendo."

"Nilimtazama kwa upendo. Hilo si uongo."

"Ndiyo maana naogopa."

Mchoraji akapiga magoti, akamshika mikono. "Usiihukumu picha kwa makosa yangu. Imewafariji wangapi? Hata wewe ilikuleta kwangu."

"Picha haina kosa. Nitaimaliza leo, nitaipeleka mwenyewe." Alitoa mikono yake taratibu. "Ila mimi nilidhani picha na wewe ni kitu kimoja. Nilikupenda kwa sababu yake. Nikiitoa, sijui naolewa na nani."

"Kwa hiyo ndiyo basi?"

"Ndiyo basi."

Mchoraji aliondoka bila kufunga mlango. Fundi alilia, akapangusa uso kwa aproni, akarudi kwenye gundi kabla haijakauka.

Jioni alimkuta baba yake sebuleni anaandika majina kwenye kadi za harusi kwa mwandiko wake wa ualimu.

"Acha kuandika, baba."

Mzee akamtazama juu ya miwani. Hakuuliza kwa nini, akafunga kalamu. "Nilimpenda sana kijana yule."

"Hata mimi, baba. Bado nampenda. Siwezi tu."

Kesho yake aliitundika picha hospitalini kwa mikono yake. Mama mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi, kiatu cha mtoto mkononi, macho mekundu. Mtoto alikuwa chumba cha upasuaji tangu asubuhi. Mama yule aliitazama picha kwa muda mrefu, na mabega yake yaliyokuwa yamekakamaa yakashuka.

"Aliyechora hii," akasema, "alimpenda sana mwanamke huyu."

Fundi alifungua mdomo. Akaona namna mama alivyokuwa anapumua sasa, taratibu, kwa mara ya kwanza pengine tangu kulipokucha. Akaweka nyundo mfukoni, akaketi kando yake.

"Mtoto wako ana umri gani, mama?"

"Minne."

Wakakaa wakisubiri pamoja.