Baridi ya Nyuzi Kumi na Nane

Mashine za kupoza hewa zilizimwa Jumatatu. Alhamisi, saa saba mchana, jua likichoma mabati, fundi aliingia ghala la makumbusho na meno yakagongana.

Alitazama kipimajoto. Nyuzi kumi na nane kamili. Mashine zenyewe, kwa miaka yote ziliyonguruma, hazikuwahi kufika hapo.

"Hongera, kaka," alisema dada yake, mtunza ghala, akiwa amejitanda shuka juu ya sweta. "Matundu yako yatatuua kwa baridi."

Fundi alicheka kidogo, akatazama pembeni. Matundu ya ghala hilo hakuyafungua.

Jengo lilikuwa la zamani, na walioliinua waliacha matundu darini ili joto lipande na kutoka. Waliokuja baadaye wakayaziba kwa zege, wakaleta mashine. Sasa mkurugenzi alitaka makumbusho yanayonywa maji ya mvua na kupumua upepo wa Mungu, umeme ubaki wa taa tu. Wazo lilikuwa zuri na fundi alilipenda. Tatizo lilikuwa goti lake. Matundu kumi na mawili, ngazi ndefu, patasi, nyundo, na mzee mmoja wa miaka hamsini na nane. Tisa ya ukumbini aliyamaliza. Yale matatu ya ghalani aliyatazama kutoka chini, akajiambia kesho, akayafunika kwa vifuniko vipya vya waya ili zege lisionekane. Kwenye ripoti akaandika: "Yote yamefunguliwa. Ghala linakaa nyuzi kumi na nane bila mashine." Namba aliitoa kwenye mpango wa mkurugenzi. Akatia saini, akaenda nyumbani kulala. Alikuwa amechoka jamani, na uchovu haujui aibu.

Wageni wakaanza kuja kuona ghala linalojipoza. Mkurugenzi aliwashika mikono mmoja mmoja, akiwaonyesha kipimajoto utadhani ni mjukuu wake.

Dada mtu, huku nyuma, alikuwa anaisha. Midomo ilipauka. Alisinzia amekaa, katikati ya ngoma na vinyago, kalamu mkononi. Siku moja fundi alimkuta ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, na juu ya chai kumetanda utando.

"Si nimeimimina sasa hivi?" alinong'ona dada. "Kila kitu kinapoa nikikishika. Nimechoka, kaka. Huu si uchovu wa kazi. Ni kama kuna mtu ananichota kwa kikombe."

Fundi alimshika mkono. Ulikuwa baridi kama bomba la maji alfajiri. Huyu ndiye ndugu pekee aliyebaki naye, na aliogopa waziwazi.

Alileta ngazi, akapanda pole pole, goti likilia, akaondoa kifuniko cha waya na kuweka sikio kwenye zege, zege lile lile alilolikimbia, na ndani yake, mahali ambapo hata mchwa asingepata njia, kitu kilikuwa kinapumua, kinavuta ndani kwa muda mrefu na kutoa nje kwa muda mrefu, kwa utulivu wa mtu aliye kazini, na kila kilipovuta, dada yake kule chini alipiga mwayo, na harufu ya chuma kilicholowa ikamjaa fundi puani mpaka akashuka bila kuhesabu vipago vya ngazi.

Jumamosi, makumbusho yakiwa yamefungwa, alimleta mganga, mama mmoja mwenye miwani minene. Hakufukiza chochote. Alinusa, akatazama kipimajoto, kisha akamgeukia fundi.

"Nani alisema hapa pana baridi hii?"

Fundi akaeleza yote, sauti chini, dada yake akisikia. Dada alijifunika shuka vizuri tu.

"Basi huyu jini ni fundi mwenzako," alisema mganga. "Alisikia kazi imetangazwa kuwa imefanyika na aliyeifanya hayupo. Akaingia kuifanya. Na jini hafanyi kazi bure. Ujira wake ni joto la aliye karibu."

"Anatokaje, mama?"

"Kazi uifanye wewe. Na maneno uyafute wewe, kwa mkono wako uliotia saini. Usimtume mtu."

Siku ile ile fundi aligonga zege mpaka magharibi. Tundu la tatu lilipotoboka, joto la mchana kutwa likapanda likimpita usoni, na ndani ya joto hilo kikapita kitu kizito, kikashusha pumzi sikioni mwake kama mfanyakazi aliyeambiwa apumzike kidogo. Kipimajoto kikasimama nyuzi ishirini na sita. Dada akagusa jasho kwenye paji la uso wake, akalia kwa furaha.

Jumatatu fundi alikwenda kwa mkurugenzi, akakiri, akaiomba ripoti aichane.

"Niachie mimi," mkurugenzi alisema, akijifikicha macho. "Nitaiondoa mwenyewe. Wewe nenda kapumzike, mzee wangu. Umefanya kazi ya kutosha."

Fundi alilikumbuka neno la mganga. Lakini mikono ilikuwa na malengelenge, goti limevimba, na neno kapumzike lilikuwa tamu. Akastaafu wiki hiyo hiyo.

Baada ya miezi miwili alikuja kumtembelea dada yake kazini. Mlangoni alikuta umati mdogo mbele ya fremu kubwa ya kioo, iliyofungwa ukutani kwa skrubu. Ndani ilikuwa ripoti yake, imekuzwa, saini ikiwa pana kama kiganja. Mgeni mmoja alikuwa anawasomea wenzake kwa sauti: "Linakaa nyuzi kumi na nane bila mashine."

Mlango wa ghala ukafunguka. Dada alitoka amejitanda mashuka mawili, akitembea kwa kushika ukuta, kikombe mkononi.

"Karibu chai, kaka. Inachemka."

Fundi alikipokea. Juu kulikuwa na utando.

Aligeuka, akakipapasa kile kioo kinene, akazihesabu skrubu kwa kidole. Kumi na mbili. Mlinzi alikuwa anamtazama. Bisibisi hakuwa nayo, na goti lilikuwa limeanza tena.

"Kesho," alimwambia dada yake, akikaa kwenye benchi. "Kesho nakuja na vifaa, mdogo wangu."

Nyuma ya ukuta, kitu kikavuta pumzi ndefu, na dada akapiga mwayo.