Shukrani ya Kazi Isiyokuwapo

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa na kupangwa kichanjani, Martina aliketi kizingitini mwa nyumba yao ya Mafiga na kufungua daftari lake. Alikuwa mwanafunzi wa darasa la saba, na parokiani alikuwa mtoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto Wakatoliki. Mlezi wao, Sista Theresia, alikuwa amewapa watoto kazi tangu Kwaresima. Kila siku waandike jambo moja la kumshukuru Mungu, lengo moja walilo nalo, na kazi watakayoifanya kesho yake ili wakaribie lengo hilo.

Lengo halikumsumbua. Alitaka kufaulu mtihani wa darasa la saba, aende sekondari, kisha awe muuguzi. Kazi ya kesho nayo ilikuwa rahisi kuandika: hesabu za sehemu, au ramani ya Afrika. Kilichomtesa ni shukrani. Mwaka ule, katika nyumba ile, jambo la kushukuru lilitafutwa kama sindano iliyoanguka mchangani. Juzi alishukuru kwa mvua. Jana alishukuru tena kwa mvua. Siku ambayo haikunyesha alishukuru kwa jua, na akajiona mnafiki.

Baba yake, Ignas, alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha makopo cha serikali. Ilikuwa miaka ile ambayo viwanda vya umma viliuzwa kimoja baada ya kingine. Wafanyakazi waliambiwa kwamba mwekezaji anakuja, kwa hiyo wapunguzwe kwanza, halafu wataitwa tena. Mwekezaji alikuja kweli. Akatembezwa, akapigwa picha, akaondoka. Geti likafungwa kwa mnyororo. Hata hivyo, kila asubuhi Ignas alivaa ovaroli yake ya bluu, imefuliwa na kupigwa pasi, akaenda kukaa nje ya geti hilo pamoja na wenzake kusubiri jina lake liitwe. Jioni alirudi na ovaroli safi vilevile, na nyumbani hakuna aliyethubutu kumwuliza kitu.

"Wasiponiita kufikia Sabasaba, tunarudi Mgeta," alimwambia mkewe siku moja wakila. "Mjini si mahali pa kukaa bure."

Martina alijua maana ya maneno hayo. Kurudi Mgeta ni kupanda milima ya Uluguru, kulima shamba la ukoo wa mama yake, na kuhama shule miezi michache kabla ya mtihani. Binamu yake aliyesoma huko alimwambia kwamba darasa la saba lilikuwa halijamwona mwalimu wa hesabu tangu mwaka uliopita.

Wiki hiyohiyo mhubiri mmoja mgeni alifunga vipaza sauti kwenye uwanja wa mpira. Martina alikwenda na jirani yake, Asia, ambaye hakuwa Mkristo ila alipenda magitaa. Magitaa yalipokwisha, mhubiri alisimama, jasho likimtiririka.

"Kwa nini unaomba kama mtu asiye na Baba?" aliuliza. "Unataka nyumba? Mshukuru Mungu kwa nyumba, kana kwamba umeshapewa ufunguo. Unataka kazi? Mshukuru kwa kazi. Lakini ukishatamka usirudi nyuma. Neno moja tu la mashaka, na baraka yako anapewa mwingine."

Martina alisogea mbele. Ilikuwa kana kwamba mtu yule anaijua nyumba yao. Njiani akamweleza Asia jinsi atakavyoandika katika daftari lake.

Asia alifikiri kidogo. "Kwa hiyo utamwambia Mungu uongo ili aone haya akutimizie?"

"Si uongo. Ni imani."

"Haya," Asia alisema. "Wewe ndiye unayejua dini yako."

Jioni ile Martina aliandika kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote: *Namshukuru Mungu kwa kuwa baba yangu amerudishwa kazini.* Chini yake aliandika lengo lake la siku zote. Pale penye kazi ya kesho hakuandika kitu, maana aliona kazi imekwisha kufanywa na Mungu.

Alhamisi ilikuwa siku ya jumuiya. Familia za Kikatoliki za mtaa ule zilikusanyika kwa Mama Mkude, mwenyekiti wao, kusali rozari na kusikiliza Neno. Ignas alikuwa ameacha kuhudhuria tangu kiwanda kifungwe. Mama yake Martina alikuwa stendi akiuza vitumbua. Martina akaenda peke yake, daftari kwapani.

Ulipofika wakati wa shukrani, Mama Mkude alisema, "Sista ameomba watoto watusomee walichoandika. Martina, mwanangu, anza wewe."

Martina alisimama. Alisoma kwa sauti iliyonyooka, bila kumeza neno, kama alivyofundishwa kusoma somo la kwanza kanisani. Alipofika mwisho, wanawake wakapiga vigelegele. Mzee mmoja alifuta macho. Watu walimshika mkono, wakamwita mtoto wa baraka. Kama alikuwa na nia ya kueleza kwamba ameyasema hayo kwa imani tu, nia hiyo ilizama katika vigelegele. Ilikuwa muda mrefu tangu mtu aitazame familia yake kwa furaha, na niseme ukweli, aliona tamu.

Baada ya sala yakaja matangazo. Mwalimu Kobelo, katekista wao, alijikohoza.

"Ndugu, mnakumbuka kwamba Padri anatafuta fundi wa ile mashine ya kusaga ya parokia. Alituomba sisi tumpe jina, na tulikuwa tumekubaliana tumpeleke Ignas. Nilitaka nimwendee kesho. Sasa kwa kuwa Mungu amemkumbuka, nafasi hii tumpe nani?"

"Mpeni Jonathan," Mama Mkude alisema. "Ana watoto wengi, na naye alipunguzwa."

Wote wakaitikia. Neno lilikuwa pale pale mdomoni mwa Martina: *Si kweli, baba hajaitwa.* Lingetosha. Lakini alimkumbuka mhubiri na onyo lake juu ya neno la mashaka. Akajiambia kwamba huu ndio mtihani wa imani yake, kwamba Mungu ana kazi kubwa zaidi kwa ajili ya baba kuliko kusaga mahindi ya watu. Akafumba mdomo. Jina la Jonathan likaandikwa.

Jumapili, Padri alitangaza kwamba Jonathan ataanza kazi kesho yake. Watu walipotoka nje ya kanisa, Mwalimu Kobelo alimwendea Ignas na kumshika bega.

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba Martina. Hongera sana. Ile mashine ilikuwa yako, lakini Mungu amekupa iliyo bora."

"Milele amina," Ignas alijibu. "Amenipa nini?"

"Si umerudishwa kiwandani? Binti yako ametushuhudia mbele ya jumuiya nzima."

Ignas alitabasamu kwa namna ambayo Martina hakuwahi kuiona, tabasamu la mtu aliyekanyagwa mguu mbele ya wageni, akashika njia ya nyumbani. Na mambo hayakuishia hapo, maana habari njema ina miguu. Jumatatu alipofika getini, wenzake hawakumsogezea nafasi ya kukaa.

"Tumesikia umeshaitwa," alisema Godlisten, aliyefanya naye kazi mashine moja tangu ujana wao. "Umepita dirishani, Ignas? Hata mimi hukuniambia?"

Aliapa, hawakumwamini. Kwa mara ya kwanza alirudi nyumbani kabla ya saa sita. Martina alipotoka shuleni alimkuta ameketi kwenye kigoda, amevua ovaroli, na daftari liko magotini mwake.

"Nani alikuambia nimerudishwa kazini?"

"Hakuna, baba."

"Sasa haya umeyatoa wapi?"

Martina alieleza yote: mhubiri, imani, vigelegele, na jina la Jonathan.

"Ulikuwapo walipokuwa wananiondoa?" Ignas aliuliza polepole.

"Nilikuwapo, baba."

"Ukakaa kimya."

"Niliogopa nikisema Mungu atakunyang'anya kazi."

Mama yake aliyekuwa akipepeta mchele aliacha ungo. Ignas hakunyanyua mkono kumpiga. Afadhali angempiga. Alimtazama tu, akasema, "Mungu alikuwa ananipa kazi, Martina. Umeninyang'anya wewe, huku ukimshukuru."

Alhamisi iliyofuata Ignas mwenyewe alimpeleka kwenye jumuiya. Martina alisimama palepale aliposimama mwanzo, safari hii bila daftari.

"Nilisema uongo," alisema. "Baba hajarudishwa kazini. Nilitamani arudishwe, nikasema amerudishwa. Na mlipompa mzee Jonathan nafasi yake, nilisikia nikanyamaza. Naomba mnisamehe."

Hakuna aliyepiga vigelegele. Mama mmoja aliguna. Jonathan alikuwapo, shati lake lina vumbi jeupe la unga. Aliinamisha kichwa na hakukiinua mpaka sala ya mwisho. Asilaumiwe. Mtu mwenye watoto wengi hawezi kuirudisha kazi kama anavyorudisha sufuria ya kuazima.

"Jina limeshakwenda, na Padri hawezi kumfukuza mtu asiye na kosa," Mwalimu Kobelo alisema. "Ignas, tusamehe na sisi. Tulimwamini mtoto kwa jambo la mtu mzima. Tungekuja kukuuliza wewe."

"Mngekuja," Ignas alisema, akatoka.

Mama Mkude alimfuata nje. Mazungumzo yao yalikuwa mafupi, lakini walikubaliana jambo moja. Ignas na mkewe wangekwenda Mgeta kulima kabichi na njegere. Martina angebaki Mafiga kwa Mama Mkude mpaka afanye mtihani wake, asaidie kazi za nyumba, na apate kusoma. Hivyo shule yake ilipona. Ila nyumba yao iligawanyika, na kila mtu alijua ni kwa sababu gani.

Siku ya pili yake Sista Theresia alimwita.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Nipe daftari." Alilisoma, akafika kwenye ukurasa ule. "Kwa nini hapa hukuandika kazi ya kesho?"

"Niliona Mungu ameshafanya."

"Hapo ndipo ulipoteleza, na mimi nilikuwa sijakufundisha vya kutosha." Sista alilifunga daftari. "Nisikilize, binti yangu. Shukrani ni kwa kile ambacho Mungu amekwisha kukupa, hata kama ni kidogo na kinakuuma. Lengo ni kwa kile ambacho bado hujapata. Ukilisoma lengo lako kama shukrani, humlazimishi Mungu kufanya kitu. Yeye anajua kilichomo nyumbani mwenu. Unawadanganya majirani tu, na majirani ndio mikono anayoitumia kukusaidia. Kuamini si kusema kisichokuwapo. Kuamini ni kuusema ukweli wako, hata unaotia aibu, ukiwa na hakika kwamba Mungu hatakuacha kwa sababu hiyo."

"Na leo niandike nini?" Martina aliuliza. "Sioni cha kushukuru."

"Basi usitunge. Mwambie hivyohivyo. Na kazi ya kesho uiandike."

Wazazi wake waliondoka asubuhi, baada ya Sabasaba, ndani ya lori lililoshusha mboga sokoni na kurudi Mgeta tupu. Mama alipanda mbele akiwa amejifunika kanga mpaka usoni. Baba alipanda nyuma pamoja na kitanda, masufuria na sanduku la spana zake. Martina alisimama chini, amevaa sare ya shule. Alitaka kusema mengi. Alichoweza kusema ni "Baba, nisamehe."

"Nimekusamehe," Ignas alisema. "Lakini bado inauma, na sitakudanganya kwamba haiumi." Dereva alikuwa ameshawasha injini. Ignas akainama juu ya ubao wa lori ili asikike. "Jioni ukiandika daftari lako, usiandike kwamba tumefika salama. Hujui. Tuombee tufike. Ukisikia tumefika, ndipo ushukuru."

Jioni ile Martina aliandika ombi. Kesho yake akaandika ombi lilelile, na kazi ya siku inayofuata, akaifanya. Kila alipotoka shuleni alipitia sokoni, kwenye safu ya wanawake waletao mboga kutoka milimani, akiwauliza kama wanamfahamu Ignas aliyehamia kwa wakwe zake. Wengi walitikisa kichwa. Siku moja mwanamke aliyekuwa akipanga kabichi aliacha kupanga, akamtazama vizuri.

"Wewe ndiye Martina? Baba yako anakusalimu. Walifika. Ila ile nyumba waliyopewa paa limeoza upande mmoja, kwa hiyo wanalala kwa bibi yako. Nilimwacha yuko shambani, mikono imemchubuka."

Martina hakungoja arudi nyumbani. Alifumba macho palepale, katikati ya makelele ya soko, akamshukuru Mungu kwa sababu walifika. Kwa paa na mikono ya baba yake hakushukuru. Aliomba.