Ukurasa Ulifungwa Saa Mbili

Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, Gabriella alifungua kufuli la karakana yake ya ushonaji pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, akakuta meza tupu. Vichwa vyote vya cherehani vilikuwa vimeondolewa. Kufuli lilikuwa zima na nondo za madirisha hazikuguswa. Alikaa mlangoni, akalia.

Saa nne gazeti liliwasili kutoka Lilongwe, na habari ilikuwemo tayari, ukurasa wa tatu: cherehani sita zimeibwa usiku kambini, anayeshukiwa ni mlinzi, raia wa Burundi, mali imepelekwa sokoni Nathenje kuuzwa. Watu walisifu, eti waandishi wa siku hizi wana mbio. Saa sita polisi walimchukua mlinzi wa karakana, Ndayisaba, huku askari mmoja ameshika gazeti kama hati ya mahakama. Askari wengine walitumwa Nathenje kutafuta cherehani. Hakuna aliyeona haja ya kutafuta hapo hapo kambini.

Arlette aliudhika kuliko wote. Mama huyu wa miaka hamsini na miwili alikuwa mtangazaji wa redio Bukavu, Kongo, kabla ya kukimbia, na sasa anauza vitenge. Kila Alhamisi, yeye na wenzake wanne waliokuwa waandishi wa habari hukutana katika karakana hiyohiyo, husoma gazeti kwa sauti, na kupiga mstari mwekundu chini ya kila jambo lisilo na aliyeliona. Kisha humwandikia mhariri barua. Mhariri hajawahi kujibu hata moja, na Arlette hajawahi kuacha kuandika. Siku hiyo alipiga mistari mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Saa nane mke wa Ndayisaba, Capitoline, ambaye humwita yaya, yaani dada mkubwa, alimjia.

"Yaya Arlette, Ijumaa wanamupeleka tribinali," alisema. "Na ile faili yetu ya kuhamia Kanada? Miaka kumi na moja tunangojea. Akiandikwa mwizi, banaifunga."

"Nani anasema alimuona akiiba?"

"Hakuna. Ni gazeti tu."

Arlette alikwenda moja kwa moja kwa Gabriella.

"Funguo iko na nani?"

"Mi na Ndayisaba. Njo maana polisi banasema kama haiko yeye, ni mi."

"Mara ya mwisho uliona mashini saa ngapi?"

"Jana saa moja ya mangaribi, wakati nilifunga. Zilikuwa tano."

"Gazeti inasema sita."

"Ya sita iliharibika. Saa kumi gari ya parokia ilikuwa inaenda Likuni, nikaituma kwa fundi. Tuliipakia mi, Ndayisaba na banafunzi bote. Hawa bantu ba gazeti hata kuhesabu habajui."

"Mbele ya ile gari kuja, nani alipita hapa?"

"Gélase tu. Saa tisa. Alipiga bafoto, akasema iko naandika juu ya kazi ya bamama."

Gélase alikuwa mmoja wa wale watano wa Alhamisi. Zamani aliandika siasa Bukavu. Siku hizi anarekodi kwaya, ambayo stoo yake imepakana na karakana. Arlette alilitazama tena neno "sita" kwenye gazeti. Alikuwa amelipigia mstari kwa hasira, akidhani ni uzembe uleule wa kila siku. Sasa hakuwa na hakika.

Jumatano alipata kibali cha kutoka kambini. Saa tano na nusu alikuwa Old Town, Lilongwe, akipanda ngazi za chumba cha habari kilicho juu ya duka la jumla la vitambaa. Mwandishi wa ukurasa wa tatu, kijana aliyeitwa Mbewe, alimpa kiti na kumwambia mapema, kwa Kiingereza, kwamba hataji chanzo chake cha habari.

"Vizuri," Arlette alisema. "Mimi nililala gerezani siku tisa kwa kukataa kumtaja wangu. Sikuulizi nani. Nakuuliza saa. Ukurasa wenu ulifungwa kwenda kuchapwa saa ngapi?"

"Saa mbili usiku, Jumatatu."

"Na ujumbe ulikufikia saa ngapi?"

Mbewe alitazama simu yake, akaficha jina kwa kidole. "Saa kumi na moja na dakika ishirini jioni."

"Saa moja cherehani bado zilikuwepo. Mwenye karakana alizifungia kwa mkono wake. Umechapisha wizi ambao ulikuwa haujatokea, kijana."

Mbewe alisoma ujumbe ule tena. "Ujumbe ulisema usiku," alijitetea. "Nilidhani usiku wa Jumapili."

"Ulipiga simu Dzaleka kuuliza?"

"Ukurasa ulikuwa unafungwa, mama."

Arlette aliinuka. Alitamani kumtandika kwa mkoba. Alimwomba tu ampigie picha ile saa ya ujumbe kwenye simu, bila jina, naye akakubali.

Alhamisi saa tisa, watano walikaa karakanani kama kawaida. Gabriella na Capitoline waliketi nyuma. Arlette alimpa Gélase gazeti la Jumanne.

"Soma ukurasa wa tatu."

Gélase alisoma vizuri, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Sita," Arlette alimkatiza. "Nani alijua ni sita?"

"Kila mutu. Mashini za hapa ni sita."

"Mpaka saa kumi ya Jumatatu. Gabriella alijua ni tano. Ndayisaba alijua, aliipakia mwenyewe. Banafunzi pia. Aliyetuma ile habari alihesabu saa tisa, akaenda zake, akaandika saa kumi na moja na dakika makumi mbili. Mwizi hajaiba bado, gazeti inamungojea."

Alionyesha picha ya simu. Kisha aliisogeza rafu ya vitambaa iliyoegemea ukuta wa kwaya. Nyuma yake palikuwa na mlango wa mbao uliopigiliwa misumari tangu zamani. Misumari yake sasa ilikuwa mipya.

"Leta funguo ya stoo, Gélase."

Aliitoa mfukoni bila kubisha. Vichwa vitano vilikuwa chini ya spika, vimefunikwa kwa majoho ya kwaya. Usiku ule mvua ilikuwa imepiga mabati, na Ndayisaba, aliyekuwa nje mlangoni, hangeweza kusikia hata nyundo.

"Nilikuta tano," Gélase alisema polepole. "Nilijua nimeharibu, lakini gazeti ilikuwa inachapwa." Akakaa. "Yaya, nimewatumia habari makumi ine juu ya hii kambi. Masomo, kwaya, bamama. Haikutoka hata moja. Banasema, ukitangulia kuleta habari ya wizi, tunakupa kazi. Nikabapa wizi."

"Na Ndayisaba?"

"Kila mara banauliza nani. Nikaandika mlinzi, Murundi. Jumamosi ningezipata mashini, naandika habari ya pili, banamuachilia."

"Ijumaa iko mbele ya Jumamosi, Gélase," alisema Capitoline.

Gélase alimgeukia Arlette. "We uligoma kutaja mutu yako. Mi pia nilikuwa chanzo. Usinitaje."

Arlette alimpenda Gélase, na hilo ndilo lililomuuma. Walikuwa wamekula chungu kimoja tangu siku ya kwanza ya kambi. "Yule mutu yangu aliona," alimjibu. "We hukuona kitu. Uliandika kwanza, kisha ukaenda kuiba ili maneno yako yakuwe kweli." Akapiga simu polisi.

Ijumaa saa tano Ndayisaba aliachiliwa. Lakini afisa wa mafaili ya kuhamia Kanada alikuwa amelisoma gazeti, na alitaka gazeti hilohilo limsafishe kabla ya Jumatatu. Arlette alimpigia Mbewe, Ndayisaba na mkewe wakiwa kando yake.

"Kesho, ukurasa wa tatu, jina lake kamili, kwamba hakuiba," alisema. "Bila hivyo, ile saa naipeleka kwa mhariri wako mkuu na kwa kila gazeti la Lilongwe."

"Itatoka, mama. Nakuahidi," Mbewe alisema. Arlette alimwinulia Ndayisaba kidole gumba, na Capitoline akajifunika uso kwa kitenge.

Mbewe hakukata simu. Kalamu yake ilisikika ikikwaruza. "Na huyo mwizi aliyekamatwa, ni raia wa nchi gani?"

Arlette alifumba macho kwa uchovu.

"Andika ni mwandishi wa habari."

"Wa gazeti gani?"

"Lenu."