Nani Kakufungia Hiyo Breki?

"Nani kakufungia hiyo breki?"

Khoa hata helmeti alikuwa hajavua. Alisimama mlangoni mwa duka la baiskeli la mchumba wake, jasho linamtiririka, mkono mmoja umeshika baiskeli, mwingine umeshika kopo la plastiki lenye mfuniko.

"Breki gani?"

"Usinitanie, Khoa. Hiyo hapo mbele."

"Aaa, hii! Nimeamua tu."

"Umeamua tu?"

"Ndiyo. Umri unakwenda, mpenzi. Nimekuletea supu."

Ornella aliweka spana mezani taratibu, na mwanamke akiweka kitu taratibu namna ile, mwenye akili anaanza kutafuta njia ya kutokea.

Pale Sydney Road kila mtu alimjua Khoa na fiksi yake. Baiskeli ya gia moja, haina friwili ya kuziacha pedeli zitulie, gurudumu likizunguka na pedeli nazo zinazunguka, na ukitaka kusimama unakaza miguu mpaka tairi la nyuma liburuzike. Breki kwake zilikuwa mambo ya watoto. Siku mlango wa teksi ulipomfungukia akashonwa kidevu, Ornella alilia pale hospitali akimwomba afunge breki moja tu, ya mbele. Akakataa, eti itaharibu sura ya baiskeli. Ameombwa kwa upole, ameombwa kwa machozi, amenuniwa wiki nzima, hakubadilika.

Leo amerudi nayo.

"Miaka mitatu nakuomba," Ornella alisema. "Leo kuna mtu amekwambia mara moja, ukakubali. Ni nani?"

"Nella, ni breki tu!"

"Sogea."

Alichuchumaa nyuma ya baiskeli. Kuwachagulia watu vifaa ndiyo kazi iliyompa kula. Ukiingia dukani kwake anakutazama magoti, anakuuliza unakaa wapi, unabeba nini, unapenda kukimbia au kutembea, kisha anakwambia meno mangapi ya kushika cheni uweke mbele na mangapi nyuma. Kumdanganya kuhusu baiskeli ilikuwa sawa na kumdanganya mpishi kuhusu chumvi.

"Sproketi ya nyuma ilikuwa meno kumi na sita," alisema. "Hii ni kumi na tisa."

Khoa akaanza kuvua helmeti.

"Na si ya leo. Gurudumu limesogezwa mbele, alama ya nati ya zamani hii hapa, ina kutu tayari. Nilikwambia meno arobaini na nane mbele kwa kumi na sita nyuma unaburuza tairi palepale kila siku, linakwisha sehemu moja. Ukasema mimi nina wivu na miguu yako. Sasa mtu wa tambarare, kazini tambarare, nyumbani tambarare, gia ya mlimani ya nini? Unampandia nani mlima?"

"Hakuna mtu."

Simu ya Khoa, iliyofungwa kwenye usukani, ikawaka. Wote wawili waliisoma kwa pamoja.

*Umefika salama? Jumamosi usichelewe. Nitakuwa nimepika. Asijue bado.*

Jina la aliyetuma lilikuwa herufi moja: S.

"Asijue bado," Ornella alirudia. "Huyo asiyejua ni mimi?"

"Nella, nisikilize..."

"Nakusikiliza. S ni nani?"

Khoa akaliweka kopo la supu mezani. Akatazama dari, akatazama viatu vyake.

"Nimetoa ahadi. Nipe mpaka Jumamosi jioni. Nakuapia kwa mama yangu, si unavyofikiri."

"Harusi bado wiki mbili, Khoa. Wiki mbili! Na wewe unapikiwa na S!"

Akalichukua lile kopo la supu, hata kulifungua hakulifungua, akalitumbukiza kwenye pipa la taka pamoja na mipira mibovu. Kisha akavua pete ya uchumba, akaitundika kwenye msumari wa ukutani, katikati ya spana za njiti.

"Itakaa hapo. Ukiwa na jibu utaniambia. Ukiwa huna, itakaa hapo hapo."

Khoa alilitazama lile pipa kwa uchungu ambao Ornella aliushangaa. Mtu anaachwa, anahuzunikia supu.

*

Usiku huo Khoa alilala kwenye kochi. Ornella alijifungia chumbani akampigia shoga yake Tamsin, ambaye naye ni mtu wa fiksi na maneno hayampiti.

"Kumi na tisa?" Tamsin aliuliza. "Shoga, hiyo si gia ya kwenda dukani. Hiyo ni ya huko Eltham, kwenye vilima."

"Ndivyo ninavyowaza."

"Na breki juu yake! Mwanaume akifunga breki kapenda kweli."

"Tamsin!"

"Pole, nimeteleza. Lakini sikia. Usivunje kitu bado. Mfuate Jumamosi, ukaone kwa macho yako. Kama ni kweli nakuja na pampu, nampiga nayo."

Ornella akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio palepale kwenye simu.

"Nitabaki na nani, Tamsin? Baba sina. Mama amekufa. Na huyu naye?"

Baba alikuwa hai, lakini ni kama hayupo. Mzee Silvano Bressan alikuwa mwanambio wa baiskeli za uwanjani enzi zake, na fremu yake ya chuma, ya bluu, alimpa binti yake wa pekee. Juu ya bomba la juu marehemu mkewe, Luisa, alikuwa ameandika kwa brashi nyembamba neno moja la Kitaliano: *Torna*. Yaani rudi. Mzee alilitazama kila alipoinama kushika usukani, na kila mara alirudi.

Khoa hakuyajua hayo. Aliona rangi iliyochubuka na maandishi yaliyofifia. Akataka kumfanyia Ornella mshangao wa siku ya kuzaliwa, akaisugua fremu yote kwa msasa, akaipaka nyeusi ikang'aa. Mzee alikuja kula keki, akaiona. Hakupiga kelele. Aliibeba fremu ile begani, akasema: "Mtu huyu nisimwone tena. Wewe chagua."

Ornella akachagua. Baba aliuza nyumba, akahamia nje ya mji bila kuacha anwani. Ornella naye akajaa kiburi, akamwambia Khoa siku atakayokwenda kumpigia magoti mzee yule, wameachana. Tangu hapo hawakumtaja. Lakini Khoa alimwona Ornella, wakati wa kuandika majina ya waalikwa, akiandika "Baba" kisha akifuta.

*

Jumamosi Khoa aliondoka asubuhi. Ornella alimwacha atangulie, akamfuata kwa mbali kwenye njia ya baiskeli kando ya mto Yarra, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi. Tambarare yote alikwenda vizuri. Walipoiacha njia ya mto, barabara ikaanza kupanda katikati ya mikalitusi, na hapo ndipo alipojua kosa lake. Kwa hasira ya wiki nzima hakukumbuka kubadilisha sproketi. Yeye, anayewachagulia watu gia, alikuwa bado na kumi na sita yake nyuma.

Khoa mbele alikuwa anapanda polepole, ameketi, kama mtu anayekwenda kwa shangazi yake. Ornella alisimama juu ya pedeli, akavuta usukani, akatukana, magoti yakalia. Kwenye kona ya pili alishuka akaanza kusukuma.

"Ngoja nifike," alihema. "Ngoja tu nifike."

Baiskeli ya Khoa aliikuta imeegemezwa kwenye geti la nyumba ndogo ya mbao. Harufu ya vitunguu na maharage ilitoka jikoni. Nyuma kulikuwa na gereji, mlango uko wazi nusu, na ndani kuna watu wawili wanabishana. Ornella akajipangusa jasho, akapanga matusi yake kwa utaratibu, kubwa likae mwisho. Akasukuma mlango kwa mguu.

"Imelegea!" sauti nzito ilikuwa inafoka. "Cheni gani hiyo? Unataka imkatikie mwanangu barabarani?"

"Mzee, ukiikaza zaidi haizunguki."

"Inazunguka! Wewe mikono yako ni ya kuandikia, ya spana huna!"

Matusi yote yakamkauka Ornella mdomoni.

Baba yake alikuwa ameinama, mvi zimejaa, mwembamba kuliko alivyomwacha. Spana mkononi ilikuwa inatetemeka, na si kwa hasira. Khoa alikuwa amepiga magoti, kidole gumba kina rangi nyeupe. Ukutani vilitundikwa vipande vya mabati, vingi, na kila kipande kimeandikwa neno lile lile kwa brashi. Vya juu vilikuwa vibaya, herufi zimepinda na kuchuruzika. Kadiri vilivyoshuka viliandikwa vizuri zaidi.

*Torna. Torna. Torna.*

Kwenye stendi, katikati yao, ilikuwa ile fremu. Bluu.

"Nella," Khoa alisema, akainuka haraka akagonga kichwa kwenye rafu. "Jioni ningekwambia. Nakuapia."

"S," Ornella alisema. "S ni Silvano."

"Huyu nilimwambia akisema kitu nafunga geti," mzee alisema bila kumtazama binti yake. "Usimlaumu. Alinitafuta kwa wanambio wenzangu wa zamani mpaka akaipata nyumba. Wiki ya kwanza sikumfungulia. Ya pili sikumfungulia. Ya tatu nikamkuta amekaa nje kwenye mvua, nikaona atakufa hapo nipate kesi."

"Baba."

"Akasema anataka kulirudisha alilofuta. Nikamwambia utaliandika mpaka lifanane na la Luisa. Nina picha ya zamani, ameiga hiyo. Mimi mwenyewe siwezi." Akainua mkono wake unaotetemeka, akautazama kama wa mtu mwingine. "Ningeweza, ningeandika mimi."

Ornella alimgeukia Khoa. Machozi yalikuwa yameshaanza.

"Kwa nini hukuniambia? Nimekuvulia pete! Umelala kwenye kochi wiki nzima na umenyamaza!"

"Ulisema nikija huku tumeachana. Na nilikuwa sijui kama atakubali kuja harusini. Ningekwambia halafu akatae, ungempoteza mara ya pili. Bora unichukie mimi kwa wiki moja."

"Mjinga wewe."

"Najua."

"Na breki?"

Mzee akakohoa.

"Breki ni mimi. Wiki iliyopita nilimtazama anashuka mlima huu kwa kukaza miguu tu, bila breki, moyo ukanisimama. Nikamwambia mwanangu hawezi kuolewa na mtu asiyeweza kusimama. Nikaifunga mwenyewe, nikamwambia akithubutu kuifungua nitajua." Kisha kwa sauti ya chini: "Na ile supu yangu, uliinywa?"

Ornella akafunika uso kwa viganja.

"Niliitupa, Baba. Sikuifungua hata. Nilidhani imepikwa na mwanamke."

Kisha mzee Silvano akaanza kucheka, kicheko kikavu cha mtu asiyecheka mara nyingi, mpaka akalazimika kushika stendi.

"Mwanamke! Na ndevu hizi!"

Alipotulia, akapangusa macho kwa mkono wa shati, akarudi kwenye fremu, maana wanaume wa aina yake wana mazungumzo wanayoyaweza tu wakiwa wameshika kifaa.

"Haya. Hii ndiyo zawadi ya harusi, na umeshaiharibu kwa kuiona, basi useme mwenyewe. Gurudumu la nyuma lina pande mbili. Huku fiksi, huku friwili. Wewe unataka nini?"

"Yote mawili," Ornella alisema. "Upande wa fiksi weka kumi na saba, ya mjini. Upande wa friwili weka kumi na tisa."

"Kumi na tisa ya nini? Unakaa tambarare."

"Ya kuja huku, Baba. Leo nimesukuma."

Mzee alijishughulisha na nati ambayo ilikuwa imeshakazwa. Na Ornella, kwa mazoea ya kazi, akainama kutazama foki ya mbele, ule uma unaoshika gurudumu, akaganda.

Baba huyu alimlea akimwambia kwamba foki ya mbio haitobolewi. Foki za uwanjani hazina tundu la breki, na anayezitoboa, alikuwa akisema, afadhali amtoboe yeye. Aliwahi kumfukuza mteja wa Ornella aliyeuliza tu. Sasa kwenye foki ile, ile ile ya enzi zake, palikuwa na tundu jipya la duara, safi, kingo zimelainishwa kwa tupa, na ndani yake imefungwa breki.

"Nani katoboa?"

"Mimi," mzee alisema. "Kwa mkono huu unaotetemeka. Ilinichukua asubuhi nzima. Utashuka mlima huu mara nyingi, Nella, na mimi siwezi kukaa ndani nahesabu kama umefika."

Ornella alimkumbatia. Alimkumbatia kwa nguvu na mafuta ya cheni yakawapaka wote wawili, na mzee akasimama mikono imening'inia kama amesahau mahali pa kuiweka, kisha akakumbuka.

"Jumamosi ijayo utanisindikiza harusini?" alimuuliza begani.

"Suti ninayo. Viatu vinabana."

"Njoo na ndala."

"Nitakuja na viatu."

Khoa alikuwa amejibanza karibu na mabati yake, hajui aondoke au abaki. Ornella akamfuata, akamshika kidevu penye kovu.

"Pete iko ukutani dukani. Leo jioni utaitoa mwenyewe kwenye msumari, univalishe. Na kochi basi."

"Na breki?"

"Ukiitoa nakuacha kweli."

Akarudi kuitazama fremu kwa mara nyingine. Neno la mama yake lilikaa pale pale lilipokuwa, mkia wa herufi ya mwisho umepinda juu vilevile. Bila kufikiri akanyoosha mkono akaligusa.

"Nella, usi...!" Khoa alipiga kelele.

Rangi ilikuwa mbichi. Kidole chake kilitoka cheupe, na kwenye herufi ya mwisho ikabaki alama ya dole gumba, wazi kabisa, kila mstari wake.

Ornella alishika mdomo. Khoa alikuwa ameshachukua kitambaa na chupa ya tapentaini, uso umembadilika rangi.

"Nitaliandika upya. Mzee, nipe leo tu, nitalifuta niliandike upya."

Mzee Silvano alivaa miwani. Akainama, akaitazama ile alama kwa muda mrefu, pumzi inasikika. Kisha akamnyang'anya Khoa kitambaa, akakitia mfukoni.

"Iache," alisema.

Akaenda jikoni kupasha supu.