Ugali Uliokataa Kushikana

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Amekula?"

Teodori alibana simu begani, mkono mmoja kwenye mwiko, mwingine umeshika sufuria isigeuke juu ya jiko la mkaa.

"Nampikia sasa hivi, mama."

"Nimeuliza kama amekula."

"Bado."

Kule Pito kwa mama mkwe upepo ulikuwa unavuma hadi kwenye simu.

"Sina ugomvi na wewe, baba. Lakini mwanangu anakwisha. Nakuja leo hii. Nikikuta amekula, nitashukuru nirudi zangu. Nikikuta hajala, naondoka naye, na lini atarudi usiniulize."

Simu ikakatwa.

Tangu mkewe Avelina ajifungue mtoto asiye na pumzi, hakuwa amelia. Kula nako kulikuwa kuonja tu. Siku za kazi mdogo wake Sharon alikuja kupika, wikiendi akarudi kwao Pito, jiko likabaki kwa Teodori. Jamani, Teodori na jiko! Pikipiki anaifungua yote na kuirudisha bila shida, ndiyo kazi yake pale Katandala. Ila maharage aliyatia magadi mpaka yakawa na ladha ya sabuni. Jumamosi iliyofuata akachinja kuku, akapasua nyongo, nyama yote ikawa chungu. Kila mara Avelina alionja, akaweka kijiko chini, akasema "asante", akageukia ukutani. Hiyo asante ndiyo ilikuwa inammaliza.

Leo aliamua kupika ugali wa ulezi na migebuka mikavu, samaki wa Kasanga, chakula ambacho Avelina alikuwa anakililia wakati wa ujauzito. Migebuka ilikuwa imeungua upande mmoja tu, kwa hiyo alikuwa na matumaini. Shida ilikuwa ugali. Anaongeza unga, anasonga, jasho linamtoka, ugali unalegea kama uji wa mgonjwa. Akamwandikia Sharon.

"Sharon ugali haushikani. Nimeongeza unga mpaka nimechoka"

"Ongeza tena shemeji. Mama ashapanda boda"

"Unga umeisha"

"Basi sali"

Teodori alikaa chini sakafuni, mwiko mkononi, akalia. Alilia kama mtu aliyekuwa anatafuta sababu siku nyingi.

"Teo."

Avelina alikuwa amesimama mlangoni, khanga imemlegea, mifupa ya shingo inaonekana. Teodori alijifuta uso haraka.

"Rudi ukalale, mke wangu. Chakula kinakuja."

"Hii harufu ni ya nini?" Alisogea, akachungulia sufuria, akachovya kidole, akalamba. "Unga huu umeutoa wapi?"

"Kwenye ndoo, chini ya kitanda. Si ulezi?"

"Ni kimea, Teo."

"Kimea?"

"Ulezi nilioulowesha mwenyewe, ukachipua, nikauanika, nikausaga. Huo unapikiwa togwa, hausongwi ugali hata ukeshe. Niliuweka kwa ajili ya ubatizo wa mtoto."

Teodori alitamani ardhi ipasuke.

"Nisamehe. Sikujua. Ningejua ningeu..."

"Ungeutoa. Kama nguo zake." Aliikaza khanga yake. "Nimerudi toka hospitali, nguo hakuna, beseni hakuna, kila mtu ananiambia nyamaza utapata mwingine. Hata wewe. Umenifutia mtoto wangu, Teo. Ulidhani sitaona?"

"Nilidhani ukiviona utaumia."

"Kwani sasa siumii?"

Ugali ulichemka, ukatoa povu, ukafurika jikoni na mkaa ukazima.

"Mimi sikuonyeshwa," Avelina alisema. "Nilikuwa sijitambui, mkamchukua mkamzika. Wewe ulimwona. Wiki zote hizi unanipikia, unaniuliza chumvi imekolea, hujaniambia hata neno moja juu yake. Mimi chakula chako nitakimeza vipi?"

"Naogopa, Avelina."

"Hata mimi. Alifanana na nani?"

Teodori aliuweka mwiko pembeni.

"Na wewe. Paji la uso lako kabisa. Vidole virefu. Nywele nyingi, mpaka nesi akashangaa. Mikono alikuwa ameikunja hivi, chini ya kidevu. Nilimbeba mwenyewe mpaka kaburini, nilikataa kumpa mtu."

Avelina alifunika uso kwa khanga. Kilio kilichotoka hapo majirani walikisikia. Teodori akamshika, na safari hii hakumwambia anyamaze. Walilia pamoja sakafuni, katikati ya majivu.

Kisha Avelina akavuta sufuria, akachukua kijiko.

"Acha, nitakupikia kingine."

"Huu ni wa mwanangu. Nitakula."

Alikula. Ulikuwa mtamu, umeungua chini, una vipande vya mkaa. Alikula machozi yakidondokea humo humo, akamlisha na mumewe, mpaka mama akawakuta hapo.

"Hodi. Mungu wangu, kuna nini hapa?"

"Karibu, mama," Avelina alisema. "Shikamoo."

Mama alimtazama binti yake, akaitazama sufuria, akasahau kuitikia. Mkoba wa kubebea nguo ulikuwa bado kwapani. Akaketi taratibu kwenye kigoda.

"Umekula?"

"Nakula, mama. Teo ananieleza habari za mtoto." Akamgeukia mumewe. "Kaburi lina msalaba?"

"Lina. Nilimpa Kasmir seremala auchonge."

"Umeandikwa nini? Mtoto hakuwa na jina."

Teodori aliinamisha kichwa.

"Alikuwa nalo. Niliogopa tu kukwambia. Sikuweza kumwacha pale bila jina, nikampa la kwako. Avelina."

Mama aliuweka mkoba chini.

"Kesho tukitoka misa," Avelina alisema, "nipeleke nikamwite."