Saa Tisa za Sonara

Chumba cha nyuma cha gereji kilinuka oili. Shemeji aliweka picha ya tiketi mezani na kuigonga kwa kidole. Sonara anaruka saa mbili asubuhi, anatua saa kumi na moja jioni. Muda wote huo yuko angani, simu imezimwa. Na kengele ya duka lake haiiti mlinzi wala polisi. Inaita simu yake tu, maana mtu yule hamwamini hata mkewe.

"Tuna saa tisa," Shemeji alisema. "Sita za kazi, tatu za kupotea."

Mpagazi, aliyepakia mizigo uwanja wa ndege miaka mingi kabla ya kufukuzwa, alisema safari yenyewe ni kama kilomita elfu tano. Shemeji akamjibu kwamba hakuna aliyemwambia aende kwa miguu. Wakacheka. Mpagazi naye alicheka, kisha akaitazama tena picha ya tiketi.

Fundi hakucheka sana. Alikuwa mchomeleaji, hajawahi kuiba hata msumari. Lakini Shemeji, kiongozi wa genge, ni kaka wa mkewe, na kukataa kulimshinda. Mkewe alikuwa amemshika kaka yake mkono mlangoni, akamwambia: nimekupa mzima, nirudishie mzima. Shemeji aliapa.

Saa tatu asubuhi. Walivaa ovaroli, wakaweka kibao cha matengenezo, wakavunja mlango wa uani wa duka. Grenda ya kukatia chuma ikaanza kulia. Wapita njia waliziba masikio na kwenda zao.

Saa saba na nusu. Makabati ya duka yalikuwa yameshamwagwa ndani ya mfuko mmoja mkubwa: mikufu, bangili, pete. Lilibaki sefu. Fundi alikata bawaba ya mwisho, na mlango ukaporomoka upande asioutegemea, ukamlalia mguu. Walisukuma wote watatu. Chuma hakikutikisika. Fundi aliuma mkono wa ovaroli asipige kelele.

"Naleta jeki garini," Mpagazi alisema, na mfuko akaubeba.

"Usikimbie, utashtua watu," Shemeji alimwambia. "Muda tunao."

Saa nane na dakika tano. Jeki haijaja. Simu ya Shemeji iliita, akaifungulia sauti. Injini ilikuwa ikinguruma nyuma ya maneno ya Mpagazi.

"Bosi, kule saa zao ziko mbele yetu kwa saa tatu. Tiketi inaandika saa ya huko unakoshukia. Sonara ametua sasa hivi."

"Ulijua?"

"Kila mpakia mizigo anajua. Hukuniuliza."

Fundi alipiga hesabu pale sakafuni, kwa kuchelewa. Kilomita elfu tano, na ndege inakula zaidi ya mia nane kwa saa. Saa sita tu. Jibu walikuwa nalo tangu gereji, wakalicheka.

King'ora kikasikika mbali. Shemeji alichomeka nondo chini ya mlango wa sefu, akailalia kwa uzito wake wote. Nondo ikapinda. Akaitupa. Aliutazama mlango wa uani, akamtazama Fundi, akautazama mlango tena.

"Shemeji, usiniache."

"Nifanyeje sasa?"

Fundi aliuvuta mguu, haukutoka. Kweli hakukuwa na la kufanya.

"Dada yako utamwambia nini?"

Shemeji alikuwa ameshafika mlangoni, anavua ovaroli.

"Nitamwambia umesafiri."

Akatoka akitembea taratibu, asije akashtua watu.