Wawili Nyuma ya Jiwe la Maji Moto

"Usikanyage hapo, Tekla. Hapo unaiva mpaka mfupa."

Andendekisye alimshika mchumba wake mkono akamrudisha nyuma. Mbele yao maji yalikuwa yanachemka yenyewe, bila kuni wala mafiga, yakitoa mvuke kama sufuria la ubwabwa wa harusi. Pale yanapotokea yalikuwa na rangi ya bluu. Ukisogea yanakuwa ya kijani kama mlenda, halafu ya njano, halafu rangi ya kutu ya bati kuukuu, na pembeni mawe meupe yameganda kama maziwa mgando. Tekla ni binti wa Kihehe, mzaliwa wa Kalenga, na kwao udongo ni udongo tu.

"Nani kayapaka rangi haya?" akauliza.

"Mimi. Nilikuja jana nikayapaka kwa ajili yako."

Tekla akacheka mpaka akashika kiuno. Ndivyo alivyokuwa huyu kaka, maneno hayamuishi. Alikuwa dereva wa lori la Mhindi mmoja, Mbeya kwenda Iringa na kurudi, miaka ile ya Mwingereza ambapo dereva akishuka kwenye gari wasichana wanajifanya wanatafuta kuku aliyepotea. Tekla alikuwa amekataa mwalimu na amekataa karani, lakini kwa dereva akakubali. Harusi ilikuwa karibu. Baba yake, mzee Silvester seremala, alikuwa ameshamaliza kuchonga kitanda cha mninga, na Kalenga nzima ilikuwa imepita kukitazama.

Aliyebaki hajaridhika alikuwa shangazi yake, Apolonia, mama mnene mwenye macho ya kuchungulia. Alisema yeye hatoi mtoto kwa honi ya gari. Lazima aende mpaka Mbeya akaone angalau mwanamke mmoja wa upande wa bwana harusi, ajue watu wenyewe wanacheka na nani. Kwa hiyo wakasafiri wote wawili, mtu na shangazi yake, na Andendekisye akaahidi kuwapeleka kwenye maji moto ya Songwe, wakatembee kama Wazungu.

Asubuhi ile, pale Ilomba, kitongoji cha Mbeya, Andendekisye akiwa bado anatia maji kwenye rejeta ya lori, akatokea mwanamke mmoja na kapu la ndizi. Hakuuliza. Alikanyaga tairi, akapanda nyuma ya lori, akakaa.

"Na huyu?" shangazi akauliza.

Andendekisye hakumeza hata mate. Akasema huyo ni Damari, dada yake, wamelala tumbo moja. Halafu akamgeukia Damari akamwelezea jambo refu kwa Kinyakyusa, huku anacheka. Damari akaitikia kwa kichwa, akapiga magoti, akawasalimia wageni kwa heshima zote.

Tekla alifurahi. Alipanda nyuma akae na wifi yake. Njia nzima akawa anamwita wifi, na Damari naye anamwita wifi, na neno hilo likapita pande zote mbili salama. Shangazi, aliyekuwa amekaa mbele, walipofika alimvuta Tekla pembeni akamnong'oneza kwamba wifi ni mzuri, hana maneno mengi, na mikono yake ni ya mtu anayelima. Alikuwa ameridhika. Akatafuta sehemu maji yalipopoa, akapandisha gauni, akakaa ndani mpaka kiunoni, akasema kuanzia siku hiyo asitafutwe.

Basi ndipo lori la kahawa likasimama kule barabarani, wakashuka wazee wawili watatu wenye magoti mabovu, waliosikia kwamba maji yale ni dawa. Mmoja wao, mrefu, mwenye koti la jeshi na fimbo, akaanza kuteremka taratibu kuelekea kwenye mvuke.

Andendekisye alimwona. Mdomo wake ukafunguka wenyewe, akamwita baba kwa Kinyakyusa.

"Tata."

Hapa inabidi nikueleze kitu. Kwa Wanyakyusa wa wakati ule, hasa wazee ambao mchungaji hajawamaliza vizuri, mke wa mtu hamtazami baba mkwe wake. Hamsalimii, hamsemeshi, hapiti mbele yake. Akimwona anakuja, anajifunika na kujificha mpaka apite. Na mzee naye anasaidia kwa kukohoa mapema. Andendekisye alikuwa amemfundisha Tekla jambo hilo vizuri kabisa, na Tekla alikuwa amelifanyia mazoezi nyumbani, shangazi akijifanya mzee kwa kushika mwiko kama fimbo.

Kwa hiyo aliposikia tata, hakungoja. Alivuta kanga kichwani, akakimbia, akachuchumaa nyuma ya jiwe kubwa jeupe. Moyo ulikuwa unamwenda mbio, lakini kwa furaha. Aliona amefaulu mtihani.

Halafu akahisi kuna mtu anahema pembeni yake.

Alikuwa Damari. Naye amejifunika kanga mpaka puani, amechuchumaa, macho chini.

Tekla akatabasamu.

"Wifi, na wewe unamkimbia mzee?"

"Sasa nifanyeje? Ni mkwe wangu."

"Mkwe wako? Si baba yako yule?"

"Baba yangu alishafariki," Damari akasema. "Yule ni baba wa mume wangu."

"Mume wako nani?"

Damari alimtazama kama mtu anayetazama mgeni aliyeuliza maji ni nini.

"Si huyu huyu Andendekisye!"

Maji yakaendelea kuchemka. Tekla alikuwa anayasikia vizuri, blub, blub, kama mtu anayecheka akiwa amefunga mdomo.

"Sasa na wewe," Damari akauliza polepole, "unamkimbia kwa nini? Wewe si mchumba wa Saulo?"

"Saulo ni nani?"

"Ndugu yake wa upande wa mama, yuko Tukuyu. Asubuhi ameniambia unakwenda kuolewa na Saulo, yeye anawatembeza tu."

"Mimi simjui Saulo," Tekla akasema. "Mimi naolewa na huyu."

Wakatazamana. Hakuna aliyemshika mwenzake nywele, na mimi najua ungependa nikwambie walishikana. Damari aliteremsha kanga puani, akavuta pumzi, akairudisha tena, maana mzee alikuwa ameshakaribia.

Kikohozi kikasikika. Mzee Isakwisa alikuwa amesimama, amelipa jiwe mgongo kama mila inavyotaka. Akamsemesha mwanawe kwa Kiswahili, kwa sababu aliona kuna mama mgeni ndani ya maji. Kilikuwa Kiswahili alichokichimba Chunya pamoja na dhahabu.

"Mwanangu, nimeona wanawake wawili wamenikimbia. Mmoja namjua. Ng'ombe wake nilitoa mimi, na wajukuu wangu amenizalia. Huyu wa pili ni wa nani?"

"Ni mgeni tu, tata. Ameshtuka."

"Ameshtuka akajifunika kichwa?"

"Ndiyo."

"Akachuchumaa?"

Mtu ambaye maneno hayamuishi, siku hiyo yalimuishia.

Shangazi Apolonia akainuka kwenye maji, gauni linachuruzika. Akasema kwa sauti ya upole sana, ile ambayo Kalenga wakiisikia wanaita watoto ndani, kwamba yeye ameambiwa yule mama ni dada wa bwana harusi, tumbo moja, na sasa anasikia habari za ng'ombe na wajukuu. Akauliza kama hayo maji moto yanachemsha na akili za watu.

Mzee aliinamisha kichwa.

Andendekisye akazunguka jiwe haraka, akapiga goti mbele ya Tekla, Damari akiwa pale pale, hata hakumtazama.

"Tekla, nisikilize. Huyu nilitafutiwa na wazee. Sikumchagua mimi. Wewe ndiye niliyekuchagua, wewe ndiye wa kanisani."

"Umeniambia ni dada yako."

"Ningekwambiaje? Ungekuja?"

"Nisingekuja."

"Unaona basi." Akamshika mkono. "Nakuomba kitu kimoja. Kaa hapo hapo chini mpaka mzee apite. Ukikaa, atajua wewe ni mkwe wake, mimi nitayamaliza na yeye. Ukiinuka ukamsalimia uso kwa uso, basi umenikataa mbele ya ukoo. Hakuna wa kulirudisha hilo."

"Na huyu?"

"Huyu amezoea."

Damari alikuwa anachora chini kwa kidole, juu ya ule unga mweupe wa mawe.

Tekla aliwaza mengi pale chini, na sitajifanya kwamba aliwaza ushujaa. Aliwaza kitanda cha mninga. Aliwaza yule karani aliyemkataa, atakavyocheka. Aliwaza baba yake, aliyewaambia watu wote sokoni Iringa kwamba mkwe wake anajua barabara yote kona kwa kona. Kukaa kulikuwa rahisi, tayari alikuwa amekaa. Na alikuwa anampenda. Hata muda ule, na uongo wote ule unachuruzika, mkono wa Andendekisye juu ya mkono wake ulikuwa mkono ule ule.

Ila lile neno, amezoea, lilimkaa kooni likakataa kushuka.

Akautoa mkono wake. Akainuka. Akaiteremsha kanga kutoka kichwani, akaifunga kiunoni kama mtu anayekwenda kuteka maji. Akapita juu ya mawe meupe, akapita kwenye yale ya njano, akazunguka mpaka mbele ya mzee Isakwisa, akamtazama usoni, sawasawa, macho kwa macho.

"Kamwene, baba," akasema, salamu ya kwao. "Mimi naitwa Tekla, nimetoka Kalenga. Mimi ni mgeni tu."

Mzee alirudi nyuma kidogo kwa mazoea. Halafu akasimama. Akamtazama binti yule kwa muda.

"Karibu, mama," akasema. "Pole na safari."

Akamgeukia mwanawe, ambaye alikuwa bado amepiga goti kule nyuma ya jiwe, mbele ya mwanamke asiyemtazama.

"Huyu umeshampoteza. Amenisalimia. Sasa njoo unishike mkono, magoti yanauma."

Andendekisye akaja. Hakumtazama Tekla wala Tekla hakumtazama. Akamshika baba yake, wakateremka majini, na mzee akakaa pale akiloweka magoti yake, mwanawe amesimama juu yake kama mwavuli uliovunjika. Tekla alikwenda sehemu yenye mvuke mwingi kuliko zote akasimama humo. Shangazi alimwacha. Mvuke una faida zake, mtu akitoka humo amelowa uso hakuna anayeuliza.

Jua lilipogeuka walirudi kwenye lori. Damari alishindwa kutoka nyuma ya jiwe, kwa sababu mzee alikuwa njiani. Tekla akamfuata, akaikunjua kanga yake, akaishika kama pazia katikati, wakatembea wote wawili mpaka garini bila mzee kumwona mkwe wake. Mzee akapanda mbele na mwanawe. Wanawake watatu wakapanda nyuma, na kapu la ndizi ambalo hakuna aliyeligusa.

Shangazi alilala kabla hata ya kufika barabara kubwa. Vumbi likawa linawafuata. Tekla alitamani Damari aseme lolote, amtukane, amshukuru, amlaumu kwa kuinuka au kwa kuja. Damari akamenya ndizi moja, akaikata katikati, akampa nusu.

"Nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Mimi yule mzee namjua kwa mgongo tu, na kikohozi. Tangu nimeolewa sijawahi kumwona sura." Akageuka kumtazama Tekla. "Wewe umemwona. Yukoje?"

Tekla akatafuna, akameza.

"Amefanana na mwanawe," akasema. "Macho yale yale, pua ile ile. Ila yule mzee ana haya."